Pembe Zi Wapi? Namna ya Kuchagua Mipangilio Unapobana Faili za Muziki

Siku tatu baada ya harusi ya bintiye, mama mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu alikuja katika chumba ninachorekodia, akaweka mezani flashi niliyokuwa nimempa. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, pembe zi wapi?"

Nilikuwa nimerekodi vugo lao, ngoma ya wanawake ya harusi, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayelijua vugo anajua kwamba wanawake huimba huku wameshika pembe mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, na mdundo wote husimama juu ya ule mlio wa kijiti kikigonga pembe: mkavu, mfupi, wenye ncha. Katika flashi ile maneno yalisikika, vigelegele vilisikika, lakini pembe zilikuwa zimegeuka mchakacho, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka nyimbo zote zienee kwenye flashi ndogo, nikazitoa kwa MP3 ya kilobiti 96 kwa sekunde (yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya sauti), stirio, na sikuzisikiliza kabla ya kumkabidhi.

Baadhi ya wale wanawake ni wazee, na harusi ile haitarudiwa. Tangu siku hiyo nimekuwa na utaratibu ninaoufuata kila ninapotoa muziki, na ndio huu ninaouandika hapa. Unafaa kwa kasida, tarabu, ngoma, hata nyimbo za vijana zilizotengenezwa ndani ya kompyuta.

Hatua ya kwanza: weka faili mama

Kabla ya kubana chochote, toa nakala moja isiyobanwa, ya WAV, au iliyobanwa bila kupoteza kitu, ya FLAC. Hiyo ndiyo faili mama. Nilimwokoa yule mama wa Langoni kwa sababu nilikuwa nayo bado. Ningekuwa nimeifuta, pembe zake zingepotea moja kwa moja.

MP3, AAC na Opus hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti. Kilichotupwa hakirudi. Mara nyingi watu huniletea wimbo wa kilobiti 128 wakitaka niugeuze uwe 320 "ili usikike vizuri". Mfikirie mpishi aliyekwisha kukamua tui la kwanza, kisha akamimina maji zaidi kwenye machicha. Sufuria itajaa, lakini tui zito halimo tena mle. Faili itakuwa kubwa zaidi ya maradufu, na sauti itakuwa ileile, au itachakaa kidogo zaidi, kwa kuwa kila kubana upya hutupa tena.

Kwa hiyo ukitaka kuhariri, kata na unganisha kwenye faili mama, kisha toa MP3 mpya kutoka hapo. Usihariri MP3.

Hatua ya pili: uliza itachezwa wapi

Mimi huuliza kabla ya kuwasha kompyuta. Itachezwa kwenye spika ya chomboni? Kwenye redio ya tuktuk ya Malindi? Kwenye simu, kwa visikizi? Itatumwa kwa WhatsApp kwa jamaa walioko Muscat? Itawekwa mtandaoni?

Redio nyingi zinazopokea flashi zinaijua MP3 na hazina habari na nyinginezo. Faili ya FLAC au Opus ukiiweka humo, redio huiruka kama haipo. Kwa flashi, basi, ni MP3. Muundo huu ulitoka kwa watafiti wa taasisi ya Fraunhofer na wenzao, Ujerumani, kiendelezi cha .mp3 kilichaguliwa mwaka 1995, na hataza zake zilikwisha mwaka 2017, ndiyo maana leo programu za bure kama Audacity zinautoa bila tatizo lolote.

Simu za sasa husoma AAC vizuri, na kwa kilobiti zilezile AAC hutoa sauti nzuri kuliko MP3, hasa ukishuka chini ya 128. Opus, iliyotolewa rasmi mwaka 2012, ni bora zaidi katika viwango vya chini. Ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Lakini ujumbe ule hubanwa kwa kiwango cha mazungumzo. Usicheze wimbo mbele ya simu ukaurekodi kama ujumbe wa sauti, kisha ukadhani umetuma muziki. Itume faili yenyewe kama dokumenti, ifike kama ulivyoitoa.

Ikiwa wimbo unakwenda kwenye mtandao wa video au wa muziki, peleka WAV au FLAC kila unaporuhusiwa. Mitandao hiyo hubana yenyewe, na ukiwapelekea kilichokwisha kubanwa, wasikilizaji watapata kilichobanwa mara mbili.

Hatua ya tatu: ijue sauti iliyo ngumu katika wimbo wako

Hapa ndipo wengi huparuka, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Tunachagua namba kwa mazoea: 128 ni ya kawaida, 320 ni ya juu, basi. Lakini mashine haibani kila sauti kwa urahisi uleule.

Kinachofanyika ni hiki. Sikio letu halisikii kila kitu kwa pamoja. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa (wembamba au uzito wa sauti) au kwa wakati. Matari yakilia kwa nguvu, mkwaruzo mdogo wa mkeka hausikiki. Programu ya kubana huukata muziki vipande vifupi sana, kwa MP3 ni sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,152, kama milisekunde 26, ikapima katika kila kipande ni nini sikio halitakisikia, ikakitupa au ikakiandika kwa biti chache.

Sauti ya mtu mmoja anayeimba polepole, au udi unaopigwa taratibu, hubanwa bila shida kubwa. Mlio wa ghafla ndio unaosumbua. Pembe ikigongwa katikati ya kipande, makosa ya kubana hutawanyika kwenye kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia pigo. Unasikia mnong'ono wa mchakacho kabla ya pigo, na pigo lenyewe limepoteza ncha. Programu nzuri hujaribu kutumia vipande vifupi zaidi panapo mlio kama huo, ila biti zikiwa chache haina la kufanya.

Basi haya ndiyo yanayohitaji biti nyingi: pembe za vugo, njuga na vishaufu vya matari, makofi, vigelegele, fimbo za kirumbizi zikigongana, zumari, na umati wa watu wanaoitikia pamoja. Pia sauti za kuvuma zisizo na umbo: upepo, mvua juu ya mabati, mvumo wa kaseti ya zamani. Mashine haijui kwamba upepo si muziki. Huupa biti zake, na pembe zinanyimwa. Ukirekodi barazani miezi ya kusi, ondoa kwanza mvumo wa upepo kwa kichujio cha kukata masafa yaliyo chini ya Hz 80 hivi, kisha ndipo utoe. Kama ndani mna ngoma kubwa yenye mlio mzito, shusha kichujio hicho, usije ukaikata ngoma pamoja na upepo.

Sikiliza faili mama, tafuta sekunde kumi zilizo ngumu kuliko zote, uandike dakika na sekunde zake. Kwangu, katika vugo lile, ilikuwa pale pembe zote zilipoingia pamoja baada ya mwimbishaji kumaliza ubeti wake. Tutazirudia sekunde hizo.

Hatua ya nne: chagua kilobiti

Hesabu ya ukubwa ni rahisi na inafaa uijue kichwani. Chukua kilobiti kwa sekunde, gawanya kwa 8, zidisha kwa idadi ya sekunde za wimbo, unapata kilobaiti. Wimbo wa dakika saba una sekunde 420. Ukiwa WAV ya kiwango cha CD, ambayo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, unachukua kama megabaiti 74. Kwa MP3 ya 128 ni karibu megabaiti 6.7. Kwa 192 ni 10. Kwa 320 ni 16.8.

Flashi ya gigabaiti 8 inabeba nyimbo kama hizo zaidi ya mia saba kwa kilobiti 192. Harusi nzima haifiki nyimbo thelathini. Nilipofanya hesabu hii baada ya kurudishiwa flashi, niliona kwamba ule uchoyo wangu wa 96 haukuwa na sababu yoyote. Ilikuwa flashi ya gigabaiti mbili, na vugo lote kwa kilobiti 256 lingeenea, nafasi ikabaki.

Kwa hiyo, kwa muziki wa stirio wa MP3, mimi hufanya hivi. Ngoma yenye pembe, matari mengi au vigelegele: 256, na kama nafasi ipo, 320. Tarabu, udi, fidla, kinanda na sauti ya mwimbaji: 192 inatosha wengi, na 256 ikiwa msikilizaji ana hedifoni nzuri. Kasida ya kusambaziwa wageni wengi wakati wa Maulidi ya Riyadha hapa Lamu, ambao kila mmoja ananunua bando lake kwa shida: 128, lakini baada ya jaribio ninaloeleza mbele. Mawaidha na mashairi yanayosomwa bila ala: 64, mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili. Chini ya 128 kwa muziki wa stirio siendi tena na MP3. Ikibidi kushuka, natumia AAC au Opus.

Ukitumia 128, ujue kwamba programu nyingi hukata masafa yote yaliyo juu ya Hz 16,000 au 17,000 ili kuokoa biti. Watu wazima wengi hatusikii huko juu kabisa, kwa hiyo hilo silihuzunikii. Kinachoniuma ni mapigo kupoteza ncha.

Hatua ya tano: kiwango kimoja au kinachobadilika

Utaona CBR, VBR na ABR. CBR hutumia kilobiti zilezile tangu mwanzo hadi mwisho. VBR hupanda pembe zinapoingia na kushuka mwimbaji anapobaki peke yake, na ndiyo matumizi mazuri ya biti. Katika programu ya kubana iitwayo LAME, ambayo imo ndani ya Audacity, VBR ya daraja la V2 hufikia wastani wa kilobiti 190 hivi, na V0 kama 245. Namba ndogo ndiyo ubora mkubwa, usichanganyikiwe. ABR iko katikati, sijaona haja yake.

Kwa simu na kompyuta, V0 au V2. Kwa flashi ya redio kuukuu, CBR, kwa sababu baadhi ya redio hizo husoma urefu wa wimbo vibaya zikipewa VBR, au hushindwa kurukia katikati.

Hatua ya sita: sampuli, mono na stirio

Kiwango cha sampuli kiache kama ulivyorekodia. CD ni Hz 44,100, video ni 48,000, na MP3 inavipokea vyote viwili. Kubadilisha bila sababu hakuongezi kitu. Angalia tu programu isishuke yenyewe hadi 22,050: kiwango hicho hakiwezi kubeba masafa yoyote yanayozidi Hz 11,025, na vishaufu vya matari vyote viko hatarini.

Kama ulirekodi kwa maikrofoni moja, toa mono. Biti zote zinakwenda kwenye njia moja, na mono ya 96 inaweza kusikika safi kuliko stirio ya 128 iliyobeba sauti ileile kulia na kushoto. Rekodi yenye maikrofoni mbili itoe kwa stirio ya pamoja, ile inayohifadhi kwanza kilicho sawa pande zote mbili, kisha tofauti. Kuna watu wanaoiogopa wakidhani ni stirio ya uongo. Haipotezi upana wa sauti kwa jina lake tu, na katika viwango vya 128 na 192 inasaidia sana.

Hatua ya saba: acha nafasi juu

Hakikisha kilele cha sauti kwenye faili mama hakizidi desibeli hasi 1, sifuri ikiwa ndiyo kikomo. Kubana hubadilisha umbo la wimbi, na vilele vinaweza kuinuka kidogo. Faili iliyojazwa hadi sifuri hupasuka ikichezwa, hata kama WAV yake ilikuwa salama. Nyimbo za kisasa zilizosukumwa kwa nguvu zinahitaji nafasi hii kuliko ngoma za kawaida.

Hatua ya nane: jaribio la sekunde kumi

Chukua zile sekunde kumi ulizoandika. Zitoe mara nne: WAV, 128, 192, 256. Sikiliza kwa hedifoni ya waya. Spika ya bluetooth haifai kwa kazi hii kwa kuwa bluetooth nayo hubana sauti upya njiani, na hutajua kosa ni la nani.

Macho yakiona namba, masikio hufuata macho. Kwa hiyo namwita mpwa wangu, anakaa kwenye kompyuta, nami nageukia ukutani. Ananichezea WAV kwanza nikijua, kisha ananichezea vipande viwili, kimoja WAV na kimoja MP3, kwa mpangilio anaouchagua mwenyewe. Naandika ninachodhani kwenye karatasi. Tunafanya hivyo mara kumi kwa kila kiwango. Nikipatia mara tano au sita, ni kubahatisha tu, na kiwango hicho kinanitosha. Nikipatia tisa au kumi, kweli nasikia tofauti, na lazima nipande.

Sikiliza hasa mambo haya: ncha ya pigo, mchakacho kabla ya pigo, vishaufu vya matari vikigeuka kama maji yanayochuruzika, na herufi "s" na "sh" za mwimbaji zikitoa mluzi. Kwa vugo la Langoni, kwenye 128 nilipatia mara kumi bila jasho. Kwenye 192 nilipatia mara nane, na nilichokitambua kilikuwa pigo la pembe moja, iliyokuwa karibu na maikrofoni kuliko nyingine. Kwenye 256 nilipatia mara tano. Nikamtolea kwa 256.

Jaribio lote huchukua kama nusu saa. Lifanye mara moja kwa kila aina ya muziki unaorekodi, kisha utumie namba uliyoipata.

Hatua ya tisa: majina, vipande na makabidhiano

Andika ndani ya faili jina la wimbo, waimbaji, mahali na tarehe. Vitambulisho vya ID3 toleo la 2.3 husomwa na vifaa vingi. Anza jina la faili na namba, 01, 02, 03, ili redio ifuate mpangilio wa sherehe. Na picha ya jalada isiwe kubwa. Nimewahi kuona wimbo wa megabaiti sita uliobeba picha ya megabaiti nne.

Kama kasida inatiririka bila kukoma, iache faili moja ndefu. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na ukiikata vipande, kwenye vifaa vingi utasikia pengo katikati ya kiitikio.

Ukishanakili kwenye flashi, ichomoe kwa utaratibu, ichomeke tena, ufungue wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho kutoka kwenye flashi yenyewe. Kisha peleka nakala ya faili mama mahali pa pili. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vifaa. Mimi naweka diski moja hapa mjini ndani ya kopo linalofunga vizuri, na nyingine kwa dada yangu anayekaa kijiji cha Shela.

Yule mama nilimpelekea flashi mpya jioni, baada ya swala ya Magharibi. Aliichomeka kwenye redio yake palepale mbele yangu, akaupeleka wimbo wa tatu hadi pale wote wanapoingia. Alisikiliza kidogo, akamwita dada yake aliyekuwa jikoni, akamwonyesha kwa kidole pigo la pembe lililokuwa lake.